Kipimo cha Udhaifu wa Wazee Nacho Sharti Kipimwe

NDUGU msomaji, watazame wazee wawili waliozaliwa mwaka mmoja, na ambao wote wametimiza miaka 78. Mmoja huamka alfajiri, akafagia uwanja wake, akaenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu mkononi. Mwenziwe huamka akiwa amekwisha kuchoka, hujishika ukutani aendapo msalani, na suruali aliyoshonewa mwaka jana sasa inamvuka kiunoni. Miaka yao ni sawa, lakini uzee wao si sawa. Tofauti hiyo ndiyo ambayo wataalamu wa afya ya wazee wamekuwa wakijaribu kuipima, na ndiyo mada yetu ya leo.

Udhaifu huu wa uzeeni si ugonjwa mmoja wenye jina lake, wala si ulemavu, wala si hesabu ya miaka. Ni kupungua kwa akiba ya mwili. Mfanyakazi mwenye akiba, mtoto akiugua ghafula au paa likivuja katikati ya mwezi, huchukua alichoweka, akatengeneza mambo, na maisha yakaendelea. Asiye na akiba hutikiswa na jambo lilo hilo hata akafikiria kuuza kitanda. Mwili nao ndivyo ulivyo. Mafua ya siku tatu, au kujikwaa kizingitini, ni jambo dogo kwa mzee mwenye akiba. Kwa mzee ambaye akiba yake imekwisha, mafua hayo hayo huweza kumlaza kitandani wiki nzima, na akiinuka asiwe tena yule aliyekuwa.

Akiba hiyo haiishi siku moja. Hupungua kidogo kidogo, na mara nyingine mwenyewe akisaidiwa mapema huweza kuirudisha kwa kiasi fulani. Kwa sababu hiyo kuna faida kubwa ya kumtambua mzee anayeanza kudhoofika kabla hajaanguka. Lakini atatambuliwaje, na huku anaishi nyumbani kwake, hana kitanda hospitalini, na pengine hajamwona daktari kwa mwaka mzima?

KARATASI BADALA YA MASHINE

Mwaka 2001, nchini Marekani, Dakta Linda Fried na wenzake walitoa taarifa ya uchunguzi uliohusu watu 5,317 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kujisikia umechoka, mkono kulegea katika kubana, mwendo kuwa wa polepole, na shughuli za mwili kupungua. Mwenye dalili 3 au zaidi walimhesabu kuwa dhaifu, na mwenye 1 au 2 walimhesabu kuwa yumo njiani kuelekea huko. Nguvu ya mkono ilipimwa kwa kifaa cha kubana, na mwendo ulipimwa kwa saa katika umbali wa futi 15.

Kipimo hicho kilikubaliwa na wengi, na bado kinatumika. Lakini kifaa na saa hudai kwamba mzee na mpimaji wakutane uso kwa uso. Penye wazee maelfu na wauguzi wachache, kazi hiyo haimaliziki. Ndipo wataalamu wengine walipotunga hojaji, yaani karatasi ya maswali ambayo mzee huweza kuletewa nyumbani, akaijaza mwenyewe na kuirudisha. Hapa tutazitaja tatu.

Ya kwanza ilitungwa Sherbrooke, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, na ilijulikana mwaka 1996. Ina maswali 6 tu: Je, unaishi peke yako? Unatumia dawa zaidi ya aina tatu kwa siku? Unategemea fimbo au kiti cha magurudumu? Unaona vizuri? Unasikia vizuri? Kumbukumbu yako ikoje? Ya pili ilitungwa Groningen, nchini Uholanzi, nayo ina maswali 15. Huuliza kama mzee huweza kwenda dukani, kutembea nje, kuvaa na kwenda msalani bila msaada. Kisha huuliza habari za macho, masikio, uzito, dawa na kumbukumbu. Na hatimaye huingia moyoni, ikauliza kama mzee anasikia utupu, anawakosa watu wa kuwa naye, au anajiona ameachwa. Ya tatu ni ya Tilburg, Uholanzi pia, iliyotolewa mwaka 2010. Sehemu yake inayopima udhaifu ina maswali 15: manane ya mwili, manne ya moyo na akili, na matatu ya maisha pamoja na watu. Anayepata alama 5 au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Kwa ile ya Groningen ni alama 4.

Utaona, msomaji, kwamba watungaji hawa hawakukubaliana tangu mwanzo juu ya udhaifu ni kitu gani. Hojaji ya Sherbrooke haiulizi hata neno moja juu ya huzuni. Zile mbili za Uholanzi zinasema kwamba mtu anaweza kudhoofika kwa upweke kama anavyodhoofika kwa magoti.

MIZANI NAYO HUKAGULIWA

Mwenye duka akikupimia kilo mbili za sukari, humwamini kwa sababu ya uso wake tu. Unaamini kwa kuwa mizani yake imekaguliwa na kupigwa mhuri. Hojaji nayo ni mizani. Kabla haijatumiwa kuamua ni mzee gani atatembelewa na muuguzi na ni yupi ataachwa, haina budi kukaguliwa. Na ukaguzi wake una maswali yake. Je, maswali ya karatasi moja yanashikamana, yakavuta upande mmoja? Je, karatasi mbili zikiulizwa juu ya mtu yule yule zinatoa jibu moja? Je, wale wanaoitwa dhaifu ni dhaifu kweli wakitazamwa kwa njia nyingine? Na je, baada ya mwaka mmoja ni hao waliozidiwa, au ni wengine?

Ukaguzi wa namna hii ulifanywa nchini Uholanzi na taarifa yake kuchapishwa mwaka 2010. Watafiti waliwapelekea kwa posta watu 687 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliokuwa wakiishi majumbani mwao, maswali ya hojaji zote tatu pamoja. Waliojibu walikuwa 77 katika kila 100.

Majibu yalionyesha jambo la kutia fikra. Watu ni wale wale na wiki ni ile ile, lakini hojaji moja ilisema kwamba walio dhaifu ni 40 katika kila 100, na nyingine ikasema ni 59. Tofauti ni watu 19 katika kila 100. Kwa wale waliojibu, hao ni wazee wapatao 100, ambao kwa karatasi moja ni wazima wa kuachwa waendelee na shughuli zao, na kwa karatasi nyingine ni wa kubishiwa hodi na muuguzi kesho. Mzee mwenyewe habadiliki. Kilichobadilika ni karatasi iliyotiwa katika bahasha.

Watafiti walipopima mshikamano wa maswali, walitumia hesabu ambayo huanzia 0, maana yake maswali hayana uhusiano, na kufika 1, maana yake yote yanasema jambo moja. Tilburg ilipata 0.79 na Groningen 0.73, kiasi kinachokubalika. Sherbrooke ilipata 0.26. Walipolinganisha hojaji mbili mbili, Groningen na Tilburg ndizo zilizopatana zaidi: kiasi cha mapatano, baada ya kutoa yale yanayoweza kutokea kwa bahati tu, kilikuwa 0.74. Kwa hiyo wakaona kwamba hizo mbili zinafaa kuliko ile ya Sherbrooke.

Hata hivyo tusiihukumu Sherbrooke kwa haraka. Maswali yake sita huchota katika visima sita mbalimbali. Mtu anaweza kuwa kiziwi na akawa na kumbukumbu kali. Anaweza kuishi peke yake na akaona vizuri kuliko mjukuu wake. Ni desturi basi kwamba majibu hayo hayatafuatana. Kisha hojaji hiyo ina hekima moja ambayo haimo katika hesabu ile ya mshikamano. Katika kanuni zake, mtu asiyeirudisha karatasi huhesabiwa pamoja na walio hatarini.

Fikiri juu ya jambo hilo. Katika uchunguzi wa mwaka 2010, watu 23 katika kila 100 hawakujibu. Ni akina nani? Baadhi yao yamkini walikuwa wazima wenye shughuli nyingi, wakaitupa karatasi pamoja na matangazo ya biashara. Lakini mwingine huenda hakuona kuisoma. Mwingine aliiweka mezani, akasahau. Mwingine alikosa mtu wa kumpelekea posta. Udhaifu wenyewe humzuia mzee kusema kwamba ni dhaifu, na kila anayehesabu majibu bila kuhesabu ukimya anawahesabu wenye nguvu ya kujibu.

KUULIZA SI KUPONYA

Tuseme sasa kwamba mizani ni nzuri. Je, inaona mbele? Wazee wa uchunguzi ule walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na taarifa ikatolewa mwaka 2012. Ilionekana kwamba hojaji hizi zina uwezo wa kiasi wa kuonyesha nani ataanza kushindwa na kazi za kila siku, lakini uwezo huo haukutosha kuzitegemea peke yake. Kuna walioitwa dhaifu na mwaka ukapita salama, na kuna walioitwa wazima wakapatwa na masaibu.

Jaribio jingine lilifuata. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa kusini mwa Uholanzi, katika vituo 12 vya madaktari wa familia. Wazee 346 walioonekana dhaifu kwa hojaji ya Groningen waligawanywa kwa vituo. Wa upande mmoja walitembelewa nyumbani na muuguzi, wakachunguzwa, na mpango wa kila mmoja ukatengenezwa pamoja na daktari na wataalamu wengine. Wa upande wa pili walipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 24, haikuonekana kwamba upande wa kwanza ulipungukiwa na ulemavu kuliko wa pili.

Wako watakaosema kwamba basi kazi yote ilikuwa bure. Hiyo si haki. Uholanzi ni nchi ambayo karibu kila mzee ana daktari wake wa familia, hata huduma ya kawaida huko ni nzito, na kuizidi si jambo jepesi. Funzo lililopo ni kwamba hojaji hufungua mlango tu. Anayeingia mlangoni asipokuwa na jambo la kumfaa mzee, mlango uliofunguliwa hauleti kitu. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 juu ya wazee haukuishia kwenye kupima. Unashauri mazoezi ya kutia misuli nguvu yanayoongezwa hatua kwa hatua, chakula cha kutosha kwa aliyekonda, na kuangaliwa kwa macho, masikio, kumbukumbu na huzuni.

SWALI LIKIVUKA BAHARI

Yote tuliyoyasema hadi hapa ni ya wazee wanaojua kusoma, wanaopata barua mlangoni na kununua mahitaji dukani. Hojaji ikitolewa hapo na kupelekwa katika nchi nyingine, kutafsiri maneno yake ni nusu ya kazi. Inabidi mtu auliza tena kila swali linapima nini katika nchi hiyo.

Chukua swali la dawa. Huko Uholanzi, mzee mwenye dawa nne kwa siku ni mzee mwenye maradhi mengi, naye hupewa alama. Lakini mahali ambapo zahanati ni mbali na dawa ni ghali, mzee asiye na kidonge hata kimoja huenda ndiye mgonjwa kuliko wote. Hili si la kubuni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 juu ya wazee wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wenye miaka 70 na zaidi, ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na shinikizo la juu la damu, na sehemu kubwa ya hao hawakuwa wakipata tiba. Swali la dawa lingewapa sifuri, yaani wazima.

Chukua pia swali la kuishi peke yako. Bibi anayelala chumba kimoja na wajukuu wanne hayuko peke yake, kwa hiyo hapati alama. Hojaji haiulizi kama wajukuu hao ndio wanaomtunza, au ni yeye anayewachotea maji na kuwapikia uji.

Wataalamu waliofanya kazi katika wilaya hiyo ya Hai, Watanzania pamoja na wenzao wa Uingereza, waliliona tatizo hili. Vipimo vingi vya akili vilivyotungwa Ulaya na Marekani vilidai mtu ashike kalamu na kunakili mchoro. Mzee ambaye hakwenda shule hushindwa, na kushindwa kwake huhesabiwa kuwa ni kupotewa na akili, kumbe ni kukosa darasa. Kwa hiyo katika miaka ya 2010 ilitungwa namna nyingine. Mzee huonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti, naye hulipanga vile vile. Huulizwa daraja ni nini. Huulizwa siku ya leo, hutakiwa kutaja wanyama kadiri awezavyo, na kukumbuka maneno aliyoambiwa punde. Njiti ya kiberiti kila mmoja amewahi kuishika.

Kipimo hicho kiliunganishwa na maswali juu ya kujihudumia, kama vile kula, kuoga na kuvaa, na ikapatikana hojaji fupi ya udhaifu iliyotengenezwa kwa ajili ya Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 2010, watu 1,207 wenye umri wa miaka 60 na zaidi walipimwa katika vijiji 5 vya Hai. Baadhi yao walichunguzwa tena kwa kirefu na daktari, ili ijulikane kama kipimo kifupi kimesema kweli. Hapa karatasi haikutumwa kwa posta. Mwulizaji alikwenda nyumbani, akakaa na mzee, akauliza kwa mdomo.

MZEE AKISEMA HAJAMBO

Msomaji, huenda huna hojaji nyumbani kwako, wala huhitaji kuwa nayo. Si kazi ya mtoto kumtia mzazi wake alama. Lakini wataalamu hawa wameonyesha jambo ambalo kila nyumba inaweza kulitumia, nalo ni kwamba jibu hutegemea swali.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna swali moja ambalo jibu lake limekwisha andaliwa. Tunauliza, “Hujambo, mama?” naye hujibu, “Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu.” Hata mwenye homa hujibu hivyo, kisha ndipo huongeza “lakini” yake, kama akipewa nafasi. Anayepiga simu kijijini jioni, akaamkia, akaitikiwa, na kuagana kabla salio halijakwisha, amepata adabu na hakupata habari. Wazee wetu nao hawapendi kuwa mzigo. Na wahenga walikwisha sema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi uliza jambo linaloonekana. Mara ya mwisho kwenda sokoni kwa miguu ilikuwa lini? Ndoo ya maji siku hizi huibeba nani? Umepata kuanguka tangu tulipoonana? Jana ulikula nini, na nani aliyepika? Ni nani aliyekuja kukutembelea wiki hii? Ukifika nyumbani, tazama kama nguo zimempwaya. Karatasi ya Tilburg huuliza kama mzee amepungua kilo 6 katika miezi 6, au kilo 3 katika mwezi mmoja, bila kutaka. Hilo si jambo la kusema “ni uzee tu” na kunyamaza. Mpeleke kituo cha afya. Chukua dawa zake zote katika mfuko mmoja, na umwombe mganga azitazame kwa pamoja. Uliza habari za miwani. Na kama mwenyewe anaweza kufagia uwanja, mwachie ufagio, kwa maana anayenyang'anywa kila kazi kwa jina la heshima hupungukiwa na ile akiba tuliyoitaja.

Hali kadhalika, siku mtafiti au muuguzi atakapobisha hodi akiwa na karatasi ya maswali, msijibu kwa niaba ya mzee wakati yeye ameketi pale pale. Maswali mengine, kama lile la kujiona umeachwa, hayana mtu mwingine wa kuyajibu. Mara nyingi watoto wenyewe ndio ambao hawapaswi kuwapo chumbani yanapoulizwa.

Vipimo vitaendelea kutungwa, kukaguliwa na kutunguliwa. Uholanzi imeonyesha kwamba karatasi tatu nzuri zinaweza kumgawanya mzee mmoja mara tatu, na Hai imeonyesha kwamba swali zuri ni lile linalomjua anayeulizwa. Anayeishi na mzee anamjua kuliko karatasi yoyote, ili mradi amwulize, kisha angoje jibu lote mpaka mwisho.